Avoka ya Marehemu

Wageni wakiingia kwetu Majengo, hapa Goma, wanausalimia mti kwanza, ndipo wanisalimie mimi. Sitanii. Wanapita mlango wa bati, wanainua uso, wanasema, "Eh! Avoka ya marehemu inazaa tu!" Halafu wanashusha macho, wananikuta nimesimama na sufuria mkononi, wanasema, "Ah, mama, jambo." Mwanzoni nilikuwa nacheka nao. Baadaye nikawa nacheka kwa meno tu. Siku hizi hata meno sitoi.

Marehemu ni mke wa kwanza wa mume wangu. Sikuwahi kumwona. Nilipoolewa katika parsele ile, kiwanja chenye nyumba na ukuta wake, nilikuta mume aliyefiwa, mama yake mzazi, binti mmoja mdogo aliyeachwa na marehemu, na huo mti wa avoka, wengine huita parachichi, uliofunika nusu ya uwanja. Picha ya marehemu ilikuwa ukutani sebuleni. Mabukwe, yaani mama wa mume wangu, aliitoa mwenyewe wiki ya harusi, kwa kunistahi. Nilimshukuru. Lakini picha inatolewa ukutani. Mti utautoa wapi?

Basi nina wivu. Nasema wazi, maana nimechoka kuuficha, na pia haufichiki. Mke mwenza aliye hai unaweza kumtupia maneno kwenye bomba la maji, mkavutana vitambaa vya kichwa, majirani wakaamua, mambo yakaisha. Huyu wangu hajibu. Anazaa avoka tu, na avoka zenyewe, Bikira Maria, ni laini kama siagi, hazina hata uzi mmoja. Majirani wanakuja na mabeseni. Padri alipokuja kubariki nyumba yetu baada ya ndoa aliondoka na mfuko umejaa avoka hadi unachanika, na baraka sijui kama alikumbuka kuiacha.

Mtu ambaye si wa Goma ataniuliza: si upande mti wako, mama, wivu uishe? Ndiyo. Njoo upande. Kwetu Bukavu udongo ni mwekundu na mzito; ukitema mbegu za papai karibu na mlango, zinaota zenyewe bila kukuomba ruhusa. Goma unakanyaga jiwe. Volkano ilimwaga moto juu ya mji, moto ukapoa ukawa mwamba mweusi, na watu wakajenga nyumba zao za mbao juu ya mwamba huohuo. Udongo tunaununua. Unatoka Kibumba ndani ya mifuko, umefungwa juu ya chukudu, ile pikipiki yetu ya mbao isiyo na mota, na kijana anateremka nayo barabara ya Rutshuru akipiga kelele watu wampishe. Kabla ya kuununua, lazima uvunje mwamba upate shimo la kuumimina. Usipovunja, umeweka unga juu ya meza.

Na shimo la parsele yetu lilivunjwa na nani? Mabukwe amenisimulia mara nyingi mno, na kila mara anasimama palepale chini ya mti aonyeshe.

"Alikuwa na tumbo hapa," anasema, anaweka mkono mbele, kisha anainua nyundo ya hewani, "na marto hapa. Bwana yake alikuwa safari. Mimi nikamwambia, mutoto wangu, pumuzika. Akasema, Mama, mutoto huyu atazaliwa, kitovu chake tutazika wapi? Kwa jiwe?"

Hapo lazima nieleze. Kwa kina mume wangu, Rutshuru, kitovu cha mtoto mchanga kikikauka na kudondoka, hakitupwi. Kinazikwa chini ya mti wa matunda katika kiwanja cha baba yake. Mti ule unakuwa wa mtoto. Akikua anaonyeshwa: pale ndipo pako, hakuna mtu wa kukuondoa pale. Marehemu alivunja mwamba kwa ajili hiyo, akaleta udongo, akapanda avoka, akazaa binti, wakazika kitovu. Halafu, binti akiwa bado anaanza kusema vizuri, ugonjwa ukamchukua. Naambiwa alikuwa akipikia hapohapo chini ya mti, juu ya mawe matatu. Mawe bado yapo, yana masizi. Nilitaka kuyatupa mwezi wa kwanza. Mabukwe akasema, "Ayo uache." Nikaacha.

Jiko ninalo mimi. Mume wangu alinijengea jiko la mbao, lenye mlango, rafu na dirisha la kutolea moshi, kabla hata hatujafunga ndoa. Marehemu hakuwahi kuwa na jiko. Siku nilizosikia sifa zake zimezidi, niliingia jikoni kwangu, nikafunga mlango na kufuli, nikakaa humo hata kama hakuna kinachoiva.

Lakini mti niliutaka. Nilipanda papai ndani ya pipa lililokatwa. Lilinifika kifuani, likageuka manjano, likafa. Nilipanda ndimu kwenye ufa wa jiwe. Ilisimama msimu mmoja, kisha ikalala upande kama mlevi. Nikajaribu marakuja, yaani pasheni, maana ile haihitaji udongo mwingi. Ilikubali! Ilitambaa kwenye ukuta wa mawe, ikapinda kona, ikaenda kupanda wapi? Juu ya avoka. Ikazaa kule juu. Jirani akaingia, akainua uso kama kawaida yake, akapiga makofi: "Yesu wangu! Avoka ya marehemu sasa inazaa hata marakuja!" Niliing'oa kabla hajafika kwao.

Mume wangu alikuwa akiniangalia anashindwa kunielewa. "Si upande kando ya avoka? Udongo uko pale."

"Papa, mimi sipandi kwa shamba ya mutu."

"Mutu gani?"

"Unamujua."

Akaondoka akitikisa kichwa. Yeye ni mtu wa amani, na watu wa amani wananikera sana nikiwa na wivu.

Binti ya marehemu hakuwa na neno nami. Ndilo lililoniuma. Ningempata mkaidi, ningejua la kufanya. Alikuwa mtoto mpole, anachota maji bila kutumwa, ananiita "mama mudogo", na hilo ndilo jina la heshima kwa mke wa baba, sina pa kulalamikia. Kila msimu avoka ya kwanza kuiva alikuwa ananiletea mimi, imekatwa vizuri juu ya sahani. Nikamwambia tumbo langu halitaki avoka. Mimi! Niliyekula avoka tangu sina meno! Ndipo mabukwe akaanza kuwaambia wageni, "Huyu avoka inamukatala," na nikafungwa na uongo wangu mwenyewe. Wakienda misa ya kwanza wote, nilikuwa nakula moja nyuma ya choo, haraka haraka, bila hata chumvi.

Kisha na mimi nikazaa. Msichana. Mama yangu alivuka na boti kutoka Bukavu kuja kunihudumia, na mapajani alikuwa ameshika mche wa mapera ndani ya kopo la maziwa. Aliuchukua kwenye mpera wa nyumbani, ule niliokuwa naupanda nikiwa mtoto na kuanguka. Nilipouona nililia, na watu wakadhani ni uchungu wa uzazi.

Kitovu kikadondoka. Mabukwe akakifunga ndani ya kitambaa cheupe, akaelekea mlangoni.

"Mama, unaenda nacho wapi?"

"Kwa avoka. Atakuwa pamoja na dada yake."

"Apana."

Aligeuka polepole. Katika ile nyumba hakuna aliyewahi kumwambia hapana.

"Mutoto wangu atakuwa na muti wake," nikasema. "Nitavunja jiwe."

"Kitovu hakingoje, mama. Kisipopata udongo, mutoto atatangatanga tu duniani."

"Kitangoja."

Kilingoja ndani ya kopo la chumvi, juu ya rafu ya jikoni kwangu. Mabukwe alikuwa akipita mlangoni, analiangalia lile kopo, anavuta pumzi, anaendelea. Mume wangu akasema ataleta vijana wa kuvunja mwamba kwa siku moja. Nilikataa. Yule alivunja mwenyewe, na mimi nitavunja mwenyewe. Mama yangu akanisonya: "Unashindana na kaburi?" Ndiyo, nilikuwa nashindana na kaburi, na nilikuwa nashindwa.

Nilipopata nguvu nilichagua kona ya mbali kabisa na avoka, karibu na ukuta. Kila jioni nilikuwa nawasha moto juu ya mwamba kwa vipande vya mbao, unawaka hadi jiwe linakuwa jekundu, namwaga maji baridi, linalia paa! na kupasuka. Asubuhi navunja. Marto niliiazima kwa fundi jirani. Mpini wake ulikatika siku ileile. Mabukwe akaingia ndani, akarudi na nyingine. Sikuhitaji kuuliza ni ya nani. Mpini ulikuwa unang'aa sehemu moja, palipoliwa na mikono. Niliishika. Mkono wangu ukakaa palepale. Nilichukia, lakini ilikuwa marto nzuri, nzito mahali panapotakiwa, na jiwe lilikuwa linaiheshimu kuliko lilivyoniheshimu mimi.

Siku mwamba ulipotoboka, chini yake palikuwa na nafasi tupu, na chini ya nafasi hiyo udongo mweusi wa zamani, ule wa kabla ya volkano. Nilipiga kigelegele peke yangu. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono hadi begani, nikashika kitu. Nikavuta. Ulikuwa mzizi. Kando yake mwingine. Nikageuka kuangalia ilikotoka, ingawa nilishajua. Avoka ilikuwa imepita chini ya nyumba nzima, chini ya jiko langu, chini ya kitanda nilicholala, ikafika kwenye kona yangu na kunisubiri.

"Niletee panga!" nikapiga kelele.

Mabukwe alikuja bila panga. Aliinama, akaangalia ndani ya shimo, na nadhani alikuwa anajizuia kucheka. "Usikate. Imefika hapa sababu udongo uko hapa. Imekutangulia tu."

Imekutangulia tu! Kana kwamba sikujua.

Nikapanda mapera yangu hivyohivyo, katikati ya mizizi ya mwenzangu, na kitovu cha mwanangu chini yake. Yalikubali. Yalikua kwa hasira, kama mimi. Mtoto alipokuwa anakimbia tayari na kuvunja vyombo, mti ulitoa maua meupe, halafu matunda. Pera la kwanza alilila mwenyewe, mbegu na ngozi, huku maji yanamtiririka hadi kwenye kiwiko. Na siku moja mgeni akaingia, akainua uso, akausifu mti wa marehemu, kisha akageuza shingo kule ukutani: "Eh, kumbe kuna na mapera! Ya nani?"

"Yangu," nikasema. "Ya mutoto wangu." Nilimpa mfuko mzima. Hata mabichi nilimtilia.

Nilidhani mambo yameisha hapo. Lakini kambi za wakimbizi wa vita za Kanyaruchinya zikavunjwa, na mdogo wa mume wangu, aliyekuwa amekimbilia kule na familia yake, akatokea mlangoni kwetu na mke, watoto na shitingi, turubai la kambini, iliyokunjwa kichwani. Kijijini kwao hapakurudika. Tuliwapokea, nani angekataa? Watoto walilala sebuleni wamepangwa kama samaki wa kukaushwa. Wiki zikapita, na mume wangu akasema lazima tuwajengee chumba cha mbao uwanjani. Jumapili moja baada ya chakula tukatoka wote nje kutafuta mahali.

Mahali hapakuwepo. Upande mmoja choo, upande mwingine jiko, katikati avoka, ukutani mapera. Mume wangu alizunguka, akapima kwa hatua, akarudi, akakuna kichwa. Nilimwona anavyoangalia. Hakuangalia avoka.

"Mapera bado ni mudogo," akasema. "Utapanda ingine, mama."

"Na kitovu?"

"Tutakihamisha kwa avoka."

"Kitovu kinahamishwa? Muulize mama yako kama kinahamishwa!"

Mabukwe alikuwa anaangalia chini.

"Kata avoka," nikasema. "Muti mukubwa vile, chumba mbili zinaingia. Kata avoka!"

Mke wa shemeji, na mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba wao wanaweza kutafuta pengine, wasilete maneno. Nikaona aibu, lakini sikurudi nyuma. Ukiwa na kitu kimoja tu katika parsele nzima, hurudi nyuma. Mapera yakikatwa, mwanangu na mimi tungebaki wapangaji kwenye uwanja wa marehemu, na hilo nililijua kama ninavyojua sala zangu.

Ndipo binti akasema. Alikuwa ameketi juu ya yale mawe matatu, anachagua maharagwe. Alikuwa mkubwa sasa, ananizidi urefu.

"Papa, mukate avoka. Ni muti wangu. Kitovu ni changu, si ndiyo? Miye niko mukubwa, kesho kutwa nitaolewa, nitaenda. Huyu bado mutoto. Mumuachie muti yake."

Akaendelea kuchagua maharagwe. Mabukwe alijifunika mdomo kwa kitenge. Mume wangu aliangalia mti, akaangalia binti yake, kisha akaingia ndani kutafuta shoka.

Nilikuwa nimeshinda. Miaka yote ile, na sasa nimeshinda, mbele ya mashahidi. Na unajua nilisikia nini? Wivu. Ulinipanda kuliko siku zote, hadi kooni. Nilijiuliza, mtoto huyu moyo huu ameutoa wapi? Mimi ndiye niliyemlisha, niliyemsuka nywele, niliyekaa naye hospitali alipopata malaria. Lakini moyo ule haukutoka kwangu. Mimi dakika ile nilikuwa nimesimama nasema kata, kata. Yule mwanamke alikaa naye kidogo tu, akafa, na hicho kidogo kilikuwa kimenishinda. Wangekata avoka, na jioni ile wageni wote wangeanza kusema: mwaona binti ya marehemu! Ningeshindwa milele, na hata kivuli nisingebaki nacho.

Mume wangu akatoka na shoka.

"Bomoeni jiko," nikasema.

"Jiko?"

"Hamusikie? Ile jiko. Chumba kitaingia pale. Mbao ziko tayari."

"Na weye utapikia wapi?" akauliza mabukwe.

Nilinyoosha kidole chini ya avoka. Mabukwe aliyaangalia yale mawe matatu, na binti aliyekuwa ameyakalia akainuka. Siku iliyofuata nilitoa rafu yangu mwenyewe, dirisha langu, kufuli yangu. Nililia kidogo kwa ajili ya kufuli.

Sasa napikia chini ya avoka, juu ya mawe ya marehemu, mahali pake hasa. Mvua ikinyesha tunatandika ile shitingi ya shemeji kwenye matawi. Binti anapuliza moto, mwanangu anapanda mapera yake na kututupia maganda, watoto wa shemeji wako kila mahali. Na avoka zinadondoka. Moja hapa, moja pale, karibu na mguu wangu, karibu na moto, na kila moja ikidondoka naona ananitafuta mimi.

Juzi moja iliangukia ndani ya sufuria ya maharagwe. Mchuzi uliniruka usoni, wa moto. Watoto wakacheka hadi wakakaa chini. Niliinua uso juu kama wale wageni, na nikasema kwa sauti, mbele ya wote: "Mama mukubwa, na weye! Jiko nimekuachia, muti nimekuachia, mutoto wako ananishinda kila siku. Unataka nini tena?"

Kicheko kikakatika. Mabukwe aliacha kusuka mkeka. Kwa miaka yote ile hawakuwahi kunisikia nikizungumza na marehemu, wala kumpa jina. Binti aliniangalia na kipepeo cha kupepea moto kimesimama mkononi, na macho yake yakajaa maji.

Nikaitoa avoka kwenye maharagwe kwa mwiko, nikaipangusa kwa kitenge, nikaikata mara mbili. Nusu nikampa yeye. Nusu nikabaki nayo.

"Mama mudogo," akasema, "si tumbo lako inakatala avoka?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Lete chumvi."